Rose, Zankel au Vanguard: msimu wa jazi New York, tiketi ukate wapi?

Msimu wa kumbi kubwa za muziki mjini New York huanza Septemba au Oktoba na kumalizika Juni. Ratiba hutolewa miezi mingi kabla, na ikishatoka tu, meseji zinaanza: fulani anapiga Lincoln Center, fulani yuko Carnegie, nikate ipi? Karibu kila anayeuliza ameshika jina la msanii. Mimi huuliza ukumbi kwanza, ndipo nitazame anayepiga ni nani. Mpiga saksafoni mmoja ukimsikia akiwa hatua tatu mbele yako, pumzi yake ikikufikia kabla ya noti, halafu ukamsikia tena ukiwa balkoni ya juu na sauti inakujia kwa spika, utaapa ni watu wawili.

Zilizo mezani ni sehemu tatu: kumbi za Jazz at Lincoln Center, Zankel Hall iliyo chini ya Carnegie Hall, na Village Vanguard. Mji una nyingine tele, na mbili nitazigusa nikifika kwenye muziki wa mataifa, lakini hizi tatu zinatofautiana kiasi kwamba ukikosea utajuta.

Jazz at Lincoln Center

Onyo la kwanza ni la njia. Lincoln Center yenyewe, ile yenye opera na chemchemi, iko kuanzia mtaa wa 62 kwenda juu. Kumbi za jazi haziko huko. Ziko Columbus Circle, mtaa wa 60, ghorofa ya tano ya jengo ambalo chini yake ni maduka, kwa hiyo unapanda lifti pamoja na watu wenye mifuko ya kununulia nguo. Kila mwaka kuna mgeni anayesimama kando ya chemchemi akisubiri mlango ambao haupo, onyesho limeshaanza.

Jumba linaitwa Frederick P. Rose Hall. Lilifunguliwa Oktoba 2004, na tangu kwenye michoro lilikusudiwa jazi, jambo ambalo si la kawaida. Mahali pengi jazi ni mpangaji kwenye nyumba ya orkestra ya symphony. Ndani kuna kumbi tatu na hazifanani hata kidogo.

Rose Theater ndio mkubwa, viti 1,233 vinavyolizunguka jukwaa mpaka nyuma yake. Umejengwa sanduku ndani ya sanduku, ukakalishwa juu ya mipira, ili mngurumo wa mji na wa treni usipenye. Kazi hiyo inasikika. Bendi ikikata sauti katikati ya wimbo, kimya kinachofuata ni kimya kweli, na besi ikiguswa kwa kidole kimoja unaisikia hata ukiwa juu kabisa. Wenyeji wa hapo ni Jazz at Lincoln Center Orchestra, wapigaji 15, bendi iliyolelewa na Wynton Marsalis, mpiga tarumbeta wa New Orleans ambaye mwaka 1997 alikuwa wa kwanza kupata tuzo ya Pulitzer ya muziki kwa kazi ya jazi. Ladha ya nyumba ni kuwaenzi wazee: Duke Ellington, Louis Armstrong, Count Basie, Thelonious Monk, Charles Mingus. Suti zimepigwa pasi, kila noti iko kwenye karatasi, tarumbeta nne zinaingia kwa pumzi moja.

Wapo wanaodai kwamba hayo ni makumbusho. Sikubaliani nao moja kwa moja, ila naelewa wanalolisema. Usiku wa kawaida Rose hautakushtua. Utafurahi, utapiga makofi, na saa nne na nusu utakuwa njiani kurudi ukijua pesa yako haikupotea. Hatari ni ndogo na mshangao nao ni mdogo.

Kuhusu viti: vya nyuma ya jukwaa watu huvikimbia, na mimi navipenda kwa bendi kubwa. Unaitazama mikono ya mpiga drums kwa juu, unaona karatasi za noti zikifunuliwa, unaona kiongozi anavyomkonyeza mtu aanze solo. Sauti ya tarumbeta inakupa kisogo, hiyo ndiyo gharama yake. Lakini kama usiku huo ni wa mwimbaji, usithubutu. Utalipa kutazama mgongo.

Tahadhari kwa aliyekulia na NUTA Jazz, Morogoro Jazz au OK Jazz: huku hapachezwi. Watu wamekaa wima, wanatikisa kichwa kidogo, na fujo inayoruhusiwa ni makofi baada ya kila solo. Mjomba mmoja niliyempeleka aliniuliza wakati wa mapumziko dansi linaanza saa ngapi. Alikuwa amevaa viatu vya kazi hiyo hasa.

Appel Room, yenye viti visivyofika 500, ndiyo inayopigwa picha sana. Nyuma ya wanamuziki kuna ukuta wa kioo wenye urefu wa mita 15 hivi, na ng'ambo yake taa za magari zinazunguka Columbus Circle na miti ya Central Park inaingia gizani. Ni mahali pa kumpeleka mchumba. Kwa muziki wenyewe naiweka ya tatu kati ya kumbi za jumba hili, kwa sababu jicho linaiba kazi ya sikio. Nusu ya wimbo umepita, wewe unatazama teksi.

Dizzy's Club ina viti 140, meza, chakula cha kusini mwa Marekani, na kioo kidogo cha aina hiyo hiyo nyuma ya bendi. Kwa kawaida kuna maonyesho mawili kwa usiku, saa moja na saa tatu. Juu ya tiketi kuna kiwango cha chini cha kula au kunywa kwa kila mtu, kwa hiyo usiilinganishe bei yake na ya ukumbi mwingine kabla hujajumlisha bili ya mezani. Wanaopiga ni mchanganyiko: vijana wanaopanda na wakongwe wasiohitaji kutambulishwa. Kama mmoja wenu anaipenda jazi na mwingine amekuja kwa sababu ya ndoa, nendeni Dizzy's. Yule wa pili atakuwa na sahani na mandhari.

Zankel Hall

Kutoka Columbus Circle ni mwendo wa dakika chache tu kwa miguu hadi Carnegie Hall, kona ya mtaa wa 57 na Seventh Avenue. Jina hilo huwafanya watu waufikirie ukumbi mkubwa wa juu, Stern Auditorium, uliofunguliwa 1891, viti 2,804. Benny Goodman, mpiga klarineti na kiongozi wa bendi, alipiga humo Januari 16, 1938, na usiku ule hutajwa mpaka leo kuwa ndio jazi ilipoingia Carnegie kwa mlango wa mbele. Pamoja na heshima yote hiyo, kwa bendi yenye vipaza sauti naukwepa. Ulijengwa kwa ajili ya fidla na piano zinazojitegemea. Ukiingiza drums na besi ya umeme, mapigo yanapanda darini na kurudi yamechelewa, na maneno ya mwimbaji yanamezwa. Ukiona msanii wako wa Afrika Magharibi ametangazwa Stern, nunua kiti cha chini au usinunue.

Zankel iko chini ya ardhi, ndani ya jengo hilo hilo. Ilifunguliwa Septemba 2003 baada ya mwamba kuchimbwa na kutolewa, ina viti 599, na hapo ndipo Carnegie inapoweka sehemu kubwa ya jazi yake na muziki wa mataifa. Ukubwa huo ndio siri yake. Kora, kinanda cha nyuzi cha Afrika Magharibi, ina nyuzi 21, na Zankel unaweza kuzifuata zote, kidole gumba kinachoshika besi na vile vinavyopamba juu. Tabla, ngoma mbili ndogo za Kihindi, vilevile: sauti ya ngozi ikiminywa kwa kiganja, ile inayopanda na kushuka, haikufikii vizuri kwenye ukumbi wa watu elfu mbili. Zakir Hussain, fundi wa tabla aliyefariki Desemba 2024, alikuwa mgeni wa mara kwa mara wa Carnegie. Msimu wa 2005–06 nyumba hiyo ilimpa Youssou N'Dour wa Senegal mfululizo wake mwenyewe, na mwaka 2014 ikafanya tamasha zima la muziki wa Afrika Kusini lililoitwa UBUNTU. Kwa hiyo ukitaka kusikia Afrika, Uhindi au Uajemi kwa utulivu, bila kelele za bilauri, hapa ni mbele ya Rose.

Kasoro yake kila mwenyeji anaijua. Reli ya treni za N, Q, R na W imepita ubavuni. Mpiga oud (udi) anamalizia kwa noti nyembamba, ukumbi umezuia pumzi, na kupitia soli za viatu unasikia mngurumo unaanza, unakua, unapita. Wengine huwakera mno. Mimi nimeuzoea, ila nikimpeleka mtu mara ya kwanza humwambia mapema asije akadhani ni tetemeko.

Kuna jambo jingine la Zankel ambalo wageni hawalitegemei: hakuna wa kukulazimisha kununua chochote. Tiketi ndiyo bei. Familia inayohesabu senti inajua mapema usiku utagharimu kiasi gani.

Village Vanguard

Hapa nina upendeleo na sitauficha.

Mlango uko namba 178 Seventh Avenue South, Greenwich Village, chini ya maandishi mekundu ya neoni. Unashuka ngazi nyembamba na kali, unatokea kwenye chumba cha pembetatu chenye dari fupi, jukwaa likiwa kwenye ncha. Kinaingiza watu 123. Max Gordon alikifungua 1935, mwanzoni kwa washairi na wachekeshaji, na tangu 1957 kimekuwa cha jazi. Alipofariki 1989 mkewe Lorraine akakishika mpaka naye alipofariki 2018, kisha binti yao. Sonny Rollins alirekodi humo Novemba 1957, Bill Evans Juni 1961, John Coltrane Novemba mwaka huo huo. Rekodi zilizofanywa ndani ya chumba hicho zinazidi mia moja. Mashine za kurekodi hazikupelekwa huko kwa sababu ya historia. Sauti ya chumba ndiyo iliyowaita wanamuziki hao: kavu, ya karibu, haina mwangwi wa kumficha mtu.

Utaratibu ni tofauti na kumbi nyingine. Msanii hachukui usiku mmoja. Anachukua wiki, Jumanne hadi Jumapili, maonyesho mawili kila usiku, saa mbili na saa nne. Maana yake ni kwamba unaweza kuchagua siku. Jumanne bendi bado inatafutana. Ijumaa na Jumamosi watalii wamejaa. Alhamisi, onyesho la saa nne, ndilo ninalolinunua mimi: nyimbo zimeshalainika mikononi, watu waliokuja kwa ajili ya picha wameondoka, na kiongozi wa bendi anaanza kuthubutu. Utatoka karibu saa tano na nusu, kwa hiyo kama unalala mbali, angalia ratiba ya treni za usiku kabla hujanunua.

Tiketi ni dola 40 hivi na kila mtu anatakiwa kuagiza kinywaji kimoja. Soda inahesabika, hata maji. Usikubali kubaki nyumbani kwa sababu hunywi pombe. Chakula hakuna. Viti havina namba, anayewahi ndiye anayechagua, kwa hiyo foleni huanza mapema juu barabarani, hata Januari wakati upepo unakata masikio. Ukiingia miongoni mwa wa kwanza, kuna benchi la ukutani upande wa kulia karibu kabisa na drums. Akipiga mtu kama Billy Hart, yule aliyeitwa Jabali alipokuwa kwenye bendi ya Herbie Hancock mwanzoni mwa miaka ya 1970, unaona jinsi anavyogeuza fimbo katikati ya mpigo na kutumia upande wa mkononi, unasikia hata anavyoguna. Ukichelewa utawekwa nyuma karibu na baa, na hapo pia panasikika vizuri.

Simu izimwe. Picha haziruhusiwi wakati wa onyesho, wala mazungumzo. Ukiongea utaambiwa, na atakayekuambia si lazima awe mhudumu.

Jumatatu ndiyo siku ya kulinganisha kweli. Siku hiyo hupiga Vanguard Jazz Orchestra, bendi ya watu 16 iliyoanzishwa na Thad Jones na Mel Lewis, na imekuwa ikipiga Jumatatu humo tangu Februari 1966. Iweke kando ya orkestra ya Rose: idadi inakaribiana, vyombo ni vile vile, na wanamuziki wa daraja la juu pande zote mbili. Rose una watu 15 mbele ya watazamaji 1,200, kila kitu kinafika kikiwa kimesawazishwa. Vanguard una watu 16 mbele ya watu 123, na wa meza ya mbele anaweza kusoma noti za tromboni akitaka. Tarumbeta na tromboni zikifunguka kwa nguvu zote, unazisikia kifuani kabla ya masikioni. Kuna makosa: mtu anaingia nusu pigo mapema, wenzake wanacheka, wimbo unaendelea. Asiyevumilia mambo hayo aende Rose na atastarehe. Mimi nikipewa Jumatatu moja tu mjini, sina cha kufikiria.

Lakini Vanguard si mahali pa kila mtu. Ngazi zile ni mtihani kwa mwenye magoti mabovu. Meza zimebanana, mguu wako na wa jirani vitafahamiana. Na muziki wa mataifa karibu haupo kabisa; chumba hiki kinafanya kitu kimoja.

Na kama unachotaka ni muziki wa mataifa

Basi Zankel ni jibu la kwanza, na jibu la pili si ukumbi bali ni taasisi: World Music Institute, iliyoanzishwa 1985. Haina nyumba yake. Inawaleta wanamuziki na kuwapangia kumbi za mji, kwa hiyo fuata ratiba yake yenyewe badala ya ya jengo fulani. Utaikuta Town Hall, mtaa wa 43, ukumbi wa 1921 wenye viti 1,500 hivi, uliojengwa na watetezi wa haki ya wanawake kupiga kura. Dizzy Gillespie na Charlie Parker walipiga hapo Juni 22, 1945. Utaikuta pia Symphony Space, Broadway na mtaa wa 95, viti 760, watazamaji wa mtaani waliokuja na makoti yao ya kila siku.

Kwa ngoma zinazodai miguu, angalia tangazo limeandika nini kuhusu viti. Baadhi ya maonyesho hupangwa kwenye klabu ambako watu husimama. Bendi ya rumba ya Kikongo ndani ya Zankel ni adhabu kwa bendi na kwa watu. Ndani ya klabu isiyo na viti ni sherehe. Taarabu na maqam, muziki wa Kiarabu, ni kinyume chake: zitafute kwenye viti.

Tiketi ya msimu au moja moja?

Carnegie na Jazz at Lincoln Center huuza kwanza vifurushi vya msimu, halafu ndipo tiketi moja moja, kwa kawaida mwishoni mwa kiangazi cha huku. Mwenye kifurushi hupata viti vizuri na anaruhusiwa kubadilisha tarehe. Kwa anayeishi New York au New Jersey, na ana saa za kazi zinazotabirika, kifurushi cha Zankel kinalipa, kwa sababu kitakupeleka kusikia watu ambao usingewanunulia tiketi peke yao, na kwenye muziki wa mataifa hao ndio mara nyingi wanaokuteka moyo. Kifurushi cha Rose nakisita. Usiku wa Ellington na usiku wa Basie ni mzuri kila mmoja; minne ya namna hiyo mfululizo inaanza kufanana. Chagua mmoja wa orkestra, mmoja wa mgeni kutoka Cuba au Brazil, basi. Anayefanya kazi za zamu, na wengi wetu huku tunafanya, asifunge pesa kwenye kifurushi chochote. Vanguard inamfaa zaidi kwa kuwa msanii yuko pale siku sita.

Mzazi mzee aliyekuja kutembea: Rose, viti vya chini katikati, lifti ipo na mapumziko yapo. Watoto wa shule ya msingi: Rose pia, kwenye maonyesho yake ya vijana ya mchana, ambayo maelezo hutolewa kabla ya kila wimbo. Kijana anayejifunza saksafoni au drums: Vanguard, hata kama itabidi umtoe kwenye sinema mwezi mzima. Wageni wawili wenye usiku mmoja na hawajui jazi ni nini: Dizzy's, onyesho la saa moja. Mwenye masikio ya qanun, kora na sitar: Zankel, safu ya tano hadi ya kumi.

Ukishaamua, nunua kwenye tovuti ya ukumbi wenyewe au dirishani. Ukitafuta kwenye intaneti, matokeo ya juu mara nyingi ni ya walanguzi wenye kurasa zinazofanana na za ukumbi, na tiketi ya Vanguard inayouzwa huko kwa mara tatu ya bei haikupi hata kiti chenye namba. Carnegie na Rose huongeza ada ukinunua mtandaoni. Ukipita Columbus Circle au mtaa wa 57 mchana, ingia dirishani, na muulize mhudumu ni viti gani vimerudishwa siku hiyo.